Mita Inayopotea katika Ramani ya Mji wa Kale

Kompyuta inayochora ramani ya Mji wa Kale wa Mombasa huiona kila nyumba kuwa nukta zilizoandikwa kwa namba, hivyo ukweli wa ramani hutegemea jinsi namba hizo zinavyohifadhiwa. Katika mfumo wa upimaji uitwao UTM, kila nukta hupewa viwianishi viwili, yaani umbali wake kuelekea mashariki na kuelekea kaskazini. Na kwa kuwa, kwa maeneo ya kusini mwake tu, ikweta imepewa thamani ya mita 10,000,000 ili yasipate namba hasi, ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huwa takriban mita 575,400 mashariki na 9,551,000 kaskazini.

Ukubwa wa namba hizo ndio chanzo cha tatizo. Namba ya desimali inayohifadhiwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, hutenga biti 24 tu kwa tarakimu zenye maana, na kwa sababu hiyo, baada ya kupita 8,388,608, haiwezi kuonyesha sehemu ya mita. Ukuta uliopimwa kwa sentimita husogezwa hadi nusu mita, kosa kubwa mno katika vichochoro vya karibu na barabara ya Ndia Kuu. Eneo linapokokotolewa kwa kuzidisha viwianishi vya pembe zinazofuatana, zao hupita trilioni tano, ambako namba za biti 32 hupishana kwa 524,288, yaani zaidi ya hekta 52, na kiwanja cha nyumba humezwa chote.

Biti 64 hupunguza kosa hilo hadi chini ya sehemu moja ya elfu ya mita ya mraba, lakini bado uthabiti wa algorithimu, yaani uwezo wake wa kutoa majibu yasiyopingana, haujahakikishwa. Ili kujua nukta iko upande gani wa mpaka, kompyuta hutazama kama jibu la hesabu ni chanya au hasi. Nukta ikikaribia sana mpaka, kosa dogo huweza kuigeuza ishara hiyo, na mahali pamoja pakahesabiwa ndani ya viwanja viwili.

Inafaa kwanza kupunguza namba kwa kupima kutoka nukta ya karibu, kisha kutumia njia aliyoichapisha mwanasayansi wa kompyuta Jonathan Shewchuk mwaka 1997, ambayo huongeza usahihi pale tu ishara inapotiliwa shaka. Uangalifu huu ni wa lazima, kwa kuwa programu ya biti 32 iliyojaribiwa Eldoret, kaskazini mwa ikweta, ambako kiwianishi cha kaskazini hakifiki 100,000, huweza kukosea nukta kwa sentimita chache tu, ilhali Nairobi, Kisumu na Mombasa, zilizo kusini mwa ikweta kwenye namba kubwa, zote zinastahili mipaka iliyo sahihi vilevile.