Mifumo Endeshi ya Kiini Kidogo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuisimika Kwenye Kompyuta ya Mezani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta za mezani za zamani, zinazonunuliwa Dar es Salaam zikiwa zimekwisha kutumika na kupelekwa katika steshenari na ofisi za Bunju, Mapinga na Bagamoyo, mara nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11. Baadhi ya wamiliki hutafuta mfumo mwingine, na miongoni mwa inayosifiwa ni ile ya kiini kidogo.

Kiini kidogo ni nini?

Kila mfumo endeshi una kiini, yaani programu inayotawala kichakataji, kumbukumbu na vifaa. Katika Linux, viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini chenyewe, hivyo hitilafu ya kimoja yaweza kuangusha mfumo mzima. Katika mfumo wa kiini kidogo, kiini hubaki na majukumu machache: kugawa muda wa kichakataji, kulinda kumbukumbu na kupitisha ujumbe. Viendeshi huwekwa nje, kila kimoja katika eneo lake. Ni mfano wa wavuvi waliogawanyika katika ngalawa kadhaa badala ya jahazi moja: ngalawa moja ikizama, nyingine husalia.

Fikra hii si ngeni. Andrew Tanenbaum alitoa MINIX nchini Uholanzi mwaka 1987. MINIX 3, ya mwaka 2005, iliundwa iweze kuanzisha upya kiendeshi kilichoanguka bila kuzima kompyuta. Mfumo wa QNX hutumika katika magari.

Tatizo liko wapi?

Mfumo unaosimikwa moja kwa moja juu ya mashine huhitaji kiendeshi cha kila kifaa. Waandaaji wa mifumo hii ni wachache. Kwa hiyo Wi-Fi, printa na kadi ya picha huenda zisifanye kazi. Mwenye steshenari anaweza kubaki na kompyuta inayowaka vizuri lakini isiyochapa hata ukurasa mmoja. Aidha, mfumo hautibu kutu iletwayo na upepo wa chumvi: kompyuta inayozimika ovyo ikaguliwe kwanza viunganishi na umeme wake.

Mtumiaji anashauriwa:

1. Kuweka nakala rudufu katika diski ya nje na kuhakikisha mafaili yanafunguka kwenye kompyuta nyingine. Usimikaji waweza kufuta diski yote.

2. Kuorodhesha vifaa vya kompyuta yake na kuvilinganisha na orodha ya waandaaji wa mfumo.

3. Kupakua mfumo kutoka tovuti ya waandaaji pekee.

4. Kuujaribu kwanza kutoka kwenye flashi, pale mfumo unaporuhusu, akipima mtandao, sauti na printa.

5. Kutousimika kwenye kompyuta pekee ya biashara. Kwa kazi za kila siku, Linux ina viendeshi vingi zaidi.

Haki ya mnunuzi

Unaponunua kompyuta iliyokwisha kusimikwa mfumo, mtake mwuzaji aandike jina la mfumo huo na vifaa vinavyofanya kazi, kisha dai risiti. Maelezo ya upotoshaji kuhusu bidhaa yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko huwasilishwa Tume ya Ushindani (FCC). Maandishi hayo na risiti ndiyo ushahidi wako; yahifadhi.