Kipima gesi cha kununua: kadi, king'ora au cha mng'ao?

Baridi ya Mbozi na Ileje huwafanya watu walale na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa. Kaboni monoksaidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Ukitafuta kipima gesi Tunduma au kwingineko, uliza kwanza kama kitakuamsha.

Kadi inayobadilika rangi ni ya dola chache tu, lakini hailii, na nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi michache. King'ora chenye kihisi cha kielektrokemia huuzwa takriban dola 20 hadi 40 nchi za nje na hudumu miaka 5 hadi 10, kwa hiyo kadi ndiyo itakayokugharimu zaidi. Tafuta kwenye boksi alama ya EN 50291 na tarehe ya kutengenezwa. Tena usiuziwe king'ora cha gesi ya mtungi ukidhani kinafanya kazi zote mbili. Vingi havihisi kaboni monoksaidi kabisa.

Vihisi vya mng'ao ni habari nyingine: hivi hupima oksijeni. Ndani yake kuna rangi maalumu inayong'aa ikimulikwa, na oksijeni huufifisha mng'ao huo. Oksijeni ikipungua, mng'ao huongezeka, na kifaa husoma tofauti. Kihisi cha oksijeni cha aina ya zamani hutumia madini ya risasi, ambayo huliwa hata kifaa kikikaa kabatini, hivyo mara nyingi huisha baada ya miaka 2 hivi. Cha mng'ao hupita miaka 5. Ni ghali kukinunua, lakini kwa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Songwe, wanaoshuka mashimoni, kinaweza kurudisha gharama hiyo.

Hapo kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, na vifaa vingi hulia ikishuka hadi 19.5. Mashine ya petroli ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya duara, yaani shimo la uchimbaji, kaboni monoksaidi inaweza kuua watu huku oksijeni ikisomeka karibu na kawaida. Vihisi vya mng'ao vya kaboni monoksaidi vingi bado viko maabara. Kikundi kinunue kifaa kinachopima gesi zote mbili, na mashine ibaki juu.

Nyumbani, nunua king'ora cha kielektrokemia. Kama pesa haijapatikana, jiko lilale nje leo hii.