Si Reli Peke Yake Iliyopunguza Watu wa Nicodemus

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14 Nicodemus, mji mdogo wa Kansas ulio kwenye uwanda wa nyasi karibu na mto Solomon wa Kusini. Ukiuliza wengine walikwenda wapi, jibu la kawaida ni neno moja: reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa dhamana za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Mpango ukavunjika, na mwaka uliofuata reli ya Union Pacific ikapita ng'ambo ya mto. Wenye maduka wakafunga virago na kuhamia Bogue, kambi ya wajenzi wa reli iliyogeuka mji. Kisa hicho ni cha kweli, ila kinaishia njiani. Nionavyo, reli iliamua tu mji upi utangulie kupungua. Mvua na ukubwa wa mashamba ndivyo vilivyowaondoa watu.

Waanzilishi walikuwa watu Weusi waliofika mwaka 1877 kutoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa. Walivutwa na matangazo ya kampuni ya viwanja iliyosimamiwa na Mzungu W. R. Hill na mchungaji Mweusi W. H. Smith. Walishuka treni Ellis, kisha wakasafiri zaidi ya kilomita 50 nyikani. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Nicodemus wajenzi walikuwepo, miti ndiyo haikuwepo, kwa hiyo wakachimba makao yao ardhini. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa mji aliona moshi tu ukifuka kutoka ardhini, akalia. Baadhi ya waliotangulia walirudi walikotoka. Waliobaki walilima kwa majembe na sepetu, na katika mwongo mmoja wakawa na makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Mkazi wao Edward McCabe alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Watu wa namna hiyo hawakuwa wepesi wa kukata tamaa.

Tatizo lilikuwa chini ya miguu yao. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, kipimo kilichofaa mashariki, kwenye mvua za kutosha. Nicodemus iko karibu na longitudo ya 100, mahali ambapo Marekani yenye mvua huanza kuwa Marekani kavu. Hupata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, na miaka mingine haifiki hapo. Mwaka 1878, wakati walowezi bado wanaishi mashimoni, mwanajiolojia John Wesley Powell aliiambia serikali kwamba katika nchi kavu mfugaji angehitaji ekari 2,560. Ushauri wake haukufuatwa.

Kama reli ingekuwa ndiyo uhai wenyewe, Bogue ingestawi. Leo nayo ina watu wasiofika 200. Kaunti yao ya Graham ilikuwa na watu wapatao 8,700 mwaka 1910, miaka 22 baada ya reli kupita, na mwaka 2020 wakabaki 2,415. Katikati yake ulipita ukame wa vumbi wa miaka ya 1930, kisha yakaja matrekta, na familia moja ikaweza kulima ngano na mtama kwenye ardhi iliyokuwa ya familia nyingi.

Atakayeuliza kuhusu rangi ya ngozi ana haki ya kuuliza, na hapa hoja yangu inakubali kupunguzwa. Mkulima Mweusi alianza na mtaji mdogo kuliko jirani yake Mzungu, na mikopo ilimwia migumu. Mwaka 1999 mahakama iliidhinisha mapatano baina ya wakulima Weusi na Wizara ya Kilimo katika kesi ya ubaguzi wa mikopo. Ukame uliwapiga wote, lakini haukuwakuta wote na akiba sawa.

Posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliufanya mji huo kuwa eneo la historia la taifa, likihifadhi majengo matano, na kila mwaka mwishoni mwa Julai wazao wa walowezi hurudi kutoka majimbo mengine kusherehekea pamoja.