Namba za Redio za Zimamoto: Kweli au Si Kweli?

Skana ni redio inayorukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine ikisaka sauti. Wamarekani wanaopenda kusikiliza zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa huijaza namba za masafa kutoka kwenye kanzidata zinazotunzwa, kwa sehemu kubwa, na watu wa kujitolea. Kuhusu kazi hiyo husemwa mengi.

"Ukishaandika masafa, umemaliza."

Si kweli. Masafa huhama. Mwaka 2004 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kuipanga upya bendi ya megahezi 800, kwa sababu mtandao wa simu wa Nextel ulikuwa ukivuruga redio za polisi na zimamoto. Kundi zima la chaneli za usalama likashushwa megahezi 15. Chaneli ya kitaifa ya kuitana ikatoka 866.0125 ikaenda 851.0125, na leo inaitwa 8CALL90. Kazi hiyo ilipangiwa miezi 36, ikala zaidi ya miaka kumi. Muda wote huo, namba iliyokwisha kufa huku ilikuwa bado hai kwingine.

Kuna badiliko gumu zaidi kuligundua. Kufikia tarehe 1 Januari 2013, redio nyingi zilizo chini ya megahezi 512 zilitakiwa ziwe zimebana upana wa mawimbi yao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5. Namba ilibaki ileile! Aliyeacha skana yake katika upana wa zamani aliendelea kusikia, ila sauti ikawa hafifu, akadhani betri imechoka.

"Leseni zi wazi kwa umma, nakili tu."

Nusu kweli. Leseni za FCC husomwa bure, na hutaja mwenye chaneli, nguvu ya mtambo na mahali ulipo mnara. Lakini leseni ni ruhusa ya miaka 10, na ruhusa si lazima itumike. Haikuambii kama chaneli hiyo ndiyo ya kuyatuma magari au ya mazungumzo ya pale pale penye moto. Tena, katika mifumo ya kisasa kompyuta humpa kila anayezungumza chaneli yoyote iliyo wazi kwa wakati huo, kwa hiyo kinachotambulisha kikosi ni namba ya kundi lake la mazungumzo. Namba hiyo huipati kwenye leseni. Inabidi mtu akae na sikio lake mpaka anayezungumza ataje mtaa na namba ya gari, ndipo ajue ni kikosi gani.

"Chaneli ikinyamaza mwezi mzima, ifutwe."

Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. VFIRE21, megahezi 154.2800, ni ya vikosi vya zimamoto kutoka wilaya mbalimbali vinapokutana kwenye moto mmoja. Siku nyingi haina la kusema. Anayetaka kufuta alete ushahidi zaidi ya ukimya: leseni iliyofutwa, au sauti zilezile zikisikika mahali papya.

"Kuorodhesha masafa ni kosa."

Si kweli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto yaliyo wazi kwa umma. Majimbo ndiyo hutofautiana: New York, kwa mfano, huzuia kubeba ndani ya gari redio inayonasa polisi bila kibali.

"Usimbaji umeifanya kanzidata isifae kitu."

Si kweli. Polisi wa Denver walifunga mawasiliano yao kwa msimbo mwaka 2019, na wa New York wakaanza mwaka 2023. Sauti haieleweki tena, lakini katika mifumo mingi ya kidijitali chaneli ya uongozi, ile ambayo kompyuta hugawia nafasi za kuzungumza, bado hutangaza waziwazi namba za makundi. Mtunzaji hazifuti, huandika kando yake kwamba zimesimbwa. Mtu anayekaribia kutoa mamia ya dola kununua skana atalihitaji neno hilo kuliko namba yenyewe.