Hata Kama Hakuna Aliyeumia, Tuandike

Wapenzi wasomaji, walimu na wanafunzi,

Muhula huu madarasa yatatoka tena kwa matembezi ya kujifunza, na sisi wakapita tutatembea mbele na nyuma ya wenzetu. Basi tunataka kueleza jambo moja: kutoa habari ya hatari, hata ile ambayo haikuumiza mtu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka jana, katika matembezi upande wa Sake, mpira uliviringika ndani ya shimo kati ya mawe ya volkano. Mwenzetu mmoja akashuka kuuchukua. Alikuta ndege wawili wamekufa. Kichwa kikamzunguka, miguu ikalegea, akapanda mbiombio. Sisi tulicheka, tukasema ni njaa tu. Jioni tulipoulizwa habari ya safari, tulijibu: «Ni nzuri.» Baada ya majuma mawili darasa lingine likapita njia ileile na kupumzika kando ya shimo lile. Siku hiyo upepo ulivuma, Mungu alisaidia. Lakini hakuna aliyewaonya, juu sisi tulinyamaza.

Hatukupima hewa ya shimo lile, ila dalili zilikuwa za mazuku. Watu wa kwetu walilipa jina hilo zamani, na wataalamu wa nchi za nje nao wanalitumia. Si pepo wala uchawi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi ya volkano, hasa kati ya Goma na Sake na kando ya ziwa Kivu. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatulia mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Ikifika sehemu 10 kwa 100 ya hewa, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache; ikizidi sana, pumzi chache tu zinatosha. Tena anayeshuka kumwokoa mwenzake anaweza kuanguka juu yake.

Gesi hiyohiyo iliua watu 37 kwenye ziwa Monoun, nchini Kameruni, tarehe 15 Agosti 1984. Miaka 2 baadaye, tarehe 21 Agosti 1986, iliua watu 1,700 hivi kwenye ziwa Nyos katika nchi ileile. Hatari iliyokwisha kujionyesha mara moja inaweza kurudi na nguvu zaidi.

Biblia inalijua jambo hili. Soma Kutoka sura ya 21, habari za ng’ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Kama mwenyewe hakujua tabia yake, hukumu yake ni nyingine. Kama alikwisha kuonywa naye hakumfunga, hatia ni yake. Sisi tulimwona ng’ombe akitikisa pembe, tukafunga vinywa.

Kwa hiyo, kila safari iwe na daftari moja. Jioni ileile, mbele ya kulala, kiongozi aandike:

1. Ni nini kilitokea, au karibu kitokee?
2. Ni wapi hasa? Ataje mti, mto au kona ya njia.
3. Saa ngapi, na upepo ulikuwaje?
4. Nani aliona kwa macho yake?
5. Tulifanya nini, na wanaofuata wafanye nini?

Aandike aliyoyaona, asiandike anayoyadhani. Na kiongozi wa safari inayofuata asome daftari mbele ya kutoka, kisha ahesabu watu.

Sasa neno moja kwa walimu wetu, kwa heshima yote. Tulinyamaza juu ya woga. Tuliogopa adhabu, tuliogopa pia matembezi yakatazwe. Tunaomba anayeleta habari ya kosa lake asipigwe fimbo kwa sababu ameileta. Nanyi wanafunzi, msimwite mchongezi. Mchongezi anatafuta kumwangusha mwenzake. Huyu anataka mwenzake arudi nyumbani.

Yule aliyeshuka shimoni leo yuko darasani pamoja nasi. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wake, ameshauandika.

Ni sisi wenu katika Bwana,
Wakapita wa shule, darasa la sita