Nani Atanunua Lokomotivi Mupya?

Ndugu musomaji, wewe unayekaa karibu na reli, unajua lokomotivi ni kitu gani. Unajua mulio wake usiku, na namna inavyokokota mavago yenye kujaa. Lakini kuko inchi ambamo watu wazima wenye mvi wananunua lokomotivi inayoenea ndani ya kiganja cha mukono. Haibebi mutu, haibebi muzigo. Inazunguka tu juu ya meza. Na bei yake? Katika Uingereza, lokomotivi mupya ya kipimo kidogo inapita kwa kawaida paundi 100, na kuko zenye kufika karibu 200.

Pengine utacheka na kusema: "Wazungu, kweli! Mutu mukubwa anacheza na treni?" Usicheke mbio. Nyuma ya mchezo huu kuko viwanda, kuko mishahara ya watu, na kuko ulizo moja linalogusa kila jamaa inayotafuta maisha kwa kuuzisha kitu: namna gani utajua kama watu watanunua, mbele ya kutoa feza yako yote? Tuangalie ulizo hilo pole pole.

KIPIMO NI NINI?

Fundi wa treni ndogo anachukua vipimo vya lokomotivi ya kweli na kuvigawanya vyote kwa hesabu moja. Kipimo kinachojulikana zaidi duniani kinaitwa HO: unagawanya kwa 87, na reli zinaachana milimita 16.5. Kisha kuko TT, kugawanya kwa 120, reli milimita 12. Kisha N, kugawanya kwa 160, reli milimita 9. Jina N linatoka kwa hesabu ya tisa, kama vile neno "neuf" la Kifaransa. Kinachokuja chini yake ni Z, kugawanya kwa 220, reli milimita 6.5. Kampuni Märklin ya Ujerumani ilikitokeza mwaka wa 1972.

Fanya hesabu pamoja na watoto wako. Lokomotivi ya kweli yenye urefu wa metre 20 inakuwa sentimita 23 katika HO, sentimita 12 na nusu katika N, na sentimita 9 tu katika Z.

Hata reli zetu ziko na nafasi katika hesabu hiyo. Reli za Katanga, ambazo treni ilifikia juu yake Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka wa 1910, zinaachana milimita 1,067, si 1,435 kama zile nyingi za Ulaya. Gawanya 1,067 kwa 120: utapata karibu 9. Njo maana katika New Zealand, inchi yenye reli za upana kama zetu, kuko watu wanaotengeneza treni za kipimo cha 120 na kuzitembeza juu ya reli za N.

Na ndani ya lokomotivi hiyo ndogo kuko nini? Kuko moteri ya umeme iliyozungushiwa nsinga nyembamba za shaba. Reli zake mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zenki. Kwa hiyo sisi watu wa shaba, hatuko wageni kabisa katika habari hii.

NANI ANAZIPENDA?

Märklin ilianza mwaka wa 1859 katika muji wa Göppingen. Mwaka wa 1891 ilionyesha kwenye soko kubwa la Leipzig treni za kuchezea zenye reli za kipimo kilichopangwa. Akili yake ilikuwa hii: jamaa inunue kwanza treni moja na reli kidogo, kisha kila sikukuu iongeze gari moja, njia moja, nyumba moja. Munuzi wa leo anakuwa munuzi wa kesho. Katika Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuzisha treni zake mwaka wa 1920.

Wakati ule zilikuwa michezo ya watoto. Leo wanunuzi wengi ni watu wazima, na wengi kati yao ni wazee. Sababu ni ukumbusho. Mutu anataka lokomotivi ile aliyoiona akiwa mutoto, yenye rangi ile, na namba ile. Lakini reli za Uingereza ziliacha treni za moshi za kawaida mwaka wa 1968. Mutoto aliyekuwa na miaka 10 siku zile, leo amepita 65. Basi kila mwaka wale wanaokumbuka moshi wanapunguka. Njo maana viwanda vinatengeneza zaidi na zaidi lokomotivi za mazuti na za umeme za miaka ya 1970, ya 1980 na ya 1990, kwa sababu watoto wa miaka ile sasa wako na mushahara.

Sababu ya pili ni nyumba. Katika Ujerumani ya Mashariki, watu walikaa katika vyumba vidogo, na kipimo cha TT kilipendwa sana tangu mwisho wa miaka ya 1950. Hata leo kampuni Tillig ya muji wa Sebnitz inaendelea nacho. Katika Japani, ambako nyumba ni ndogo vilevile, N njo kipimo chenye nguvu kuliko vyote. Kampuni Kato ilianza kukitengeneza mwaka wa 1965. Lakini katika Uingereza, watu wengi walibaki na kipimo kikubwa cha baba zao. Unaona? Kitu ni kile kile, lakini soko si moja. Yenye kuuzika Tokyo inaweza kulala katika stoku ya London.

HESABU YA KIWANDA

Hapa njo penye ugumu. Mutu anazania: lokomotivi ikiwa nusu ya urefu, bei nayo itakuwa nusu. Hapana, si hivyo. Plastiki inapunguka, ndiyo, lakini plastiki ni kitu kidogo katika bei. Kinachokula feza ni kazi: kwenda kupima lokomotivi ya kweli, kuchora kila kipande, kuchonga kalibu za chuma ambamo plastiki ya moto inasukumwa, kisha mikono ya wafanyakazi inayounga vipande na kupaka rangi. Lokomotivi ya N iko na magurudumu, moteri, meno na taa kama ile kubwa, na vyote vinapaswa kuenea katika nafasi ndogo zaidi.

Tuseme, kwa mufano tu, kuchora na kuchonga kalibu kunaomba dola 100,000. Kama utauzisha lokomotivi 5,000, kila moja inabeba dola 20 za kalibu. Kama utauzisha 1,000, kila moja inabeba dola 100. Kama utauzisha 500 tu, inabeba dola 200, mbele hujahesabu moteri, rangi, mishahara na safari ya meli. Kalibu haijui kama soko ni ndogo. Inaomba feza yake yote.

Kwa hiyo vipimo vidogo vinaingia katika shida ya kuku na yai. Wanunuzi wanasema: "Siwezi kuanza na kipimo hiki, lokomotivi ni chache." Kiwanda kinajibu: "Siwezi kutengeneza lokomotivi, wanunuzi ni wachache." Kila mumoja anangojea mwenzake, na miaka inapita.

KUPENDA SI KULIPA

Tena kuko udanganyifu mwingine. Kiwanda kikiuliza watu: "Munataka lokomotivi gani?" mikono mingi inainuka. Kila mumoja anataja ile ya kwao. Lakini siku lokomotivi inafika kwenye duka, mumoja anasema bei ni kali, mwingine anasema rangi si ile, wa tatu anangojea ishuke bei. Wote walisema kweli: walipenda. Lakini kupenda si kulipa.

Njo maana wengine walichagua njia ya kuomba feza mbele. Katika Uingereza, kikundi kinachoitwa Revolution Trains kilitaka kutengeneza katika kipimo cha N treni ndefu ya umeme inayoinama kwenye kona, Pendolino, ambayo viwanda vikubwa havikuigusa. Kiliwaambia wapenzi wa treni: andikisheni majina, mulipe mbele, na hesabu ikitosha tutatengeneza. Hesabu ilitosha, treni zilitoka, na kikundi kiliendelea na modeli zingine.

Lakini njia hiyo iko na mwiba. Mwaka wa 2019 kampuni nyingine ya kule, iliyokuwa imechukua avansi ya watu, ilifunga milango. Waliolipa mbele hawakupata treni, na avansi yao ilipotea. Feza ya mbele inaondoa woga wa kiwanda, lakini woga hauishi. Unahama tu na kuingia katika mufuko wa munuzi.

KUANGUKA NA KUINUKA

Sisi tunaokaa katika miji iliyojengwa juu ya kazi moja, tunajua nini kinafuata kampuni ikitikisika. Hata kule iko vile. Mwezi wa pili wa mwaka 2009, Märklin, pamoja na ukubwa wake na miaka yake 150, ilienda mbele ya tribinali kusema haiwezi tena kulipa madeni. Iliwekwa chini ya musimamizi, ikapunguza wafanyakazi na mambo mengi, na mwaka wa 2013 ikanunuliwa na jamaa yenye kampuni ya michezo ya watoto Simba Dickie. Leo inaendelea kutengeneza katika Ujerumani na katika Hungaria.

Makampuni ya Uingereza yalifuata njia nyingine: kuanzia miaka ya 1990 yalipeleka kazi China. Bei ilishuka, modeli zikawa nzuri zaidi. Lakini mwaka wa 2008 kiwanda kikubwa cha Sanda Kan, ambacho Hornby ilikitegemea, kilinunuliwa na Kader ya Hong Kong, na Kader hiyo njo yenye Bachmann, mushindani wa Hornby. Weye ungefanya nini kama jiko unalopikia linanunuliwa na jirani yako wa soko?

Mwaka wa 2020, wakati ugonjwa wa korona ulifungia watu nyumbani, wengi walishusha masanduku ya treni zao na kununua zingine. Makampuni yalifurahi. Lakini furaha ya namna hiyo si soko ya siku zote. Mwezi wa kwanza wa 2024, duka la Hattons, lililoanza Liverpool mwaka wa 1946, lilitangaza kwamba linafunga.

Hata hivyo, kuko waliothubutu. Mwaka wa 2022 Hornby ilitangaza treni za Uingereza za kipimo cha TT, kugawanya kwa 120. Kampuni Tri-ang ilikuwa imejaribu TT yake mwaka wa 1957, lakini iliiacha katika miaka ya 1960. Hornby haikuleta lokomotivi moja na kungoja. Ilileta masanduku ya kuanzia yenye reli na treni, ikaonyesha mbele orodha ndefu ya zile zitakazofuata, na mwanzoni ikauzisha yenyewe kwa njia ya intaneti. Ilijaribu kuvunja ile shida ya kuku na yai kwa kuleta kuku na yai siku moja.

NA SISI TUTASEMA NINI?

Mutu ataniuliza: "Pasteri, watoto wako inje ya masomo juu ya feza ya shule, na weye unatuletea habari ya michezo ya Wazungu?" Ulizo ni la haki. Lakini angalia mwenyewe. Mama anayetaka kuanza kukaanga vitumbula, kijana anayetaka kutengeneza mbabula, baba aliyepata feza ya mwisho wa kazi na anataka kununua masini ya kusaga: wote wako mbele ya kalibu. Feza inatoka mara moja, na hairudi kama watu hawanunui. Märklin ikikosea, kuko tajiri wa kuinunua. Jamaa yako ikikosea, kuko nani?

Basi usihesabu sifa, hesabu feza. Jirani akisema, "Mbabula yako ni muzuri sana," mushukuru, kisha muulize: "Utachukua ngapi, na siku gani?" Anza na chache, uone kama mutu wa kwanza anarudia. Angalia umri wa wanunuzi wako, na kama nyuma yao wengine wanakuja. Na ukichukua avansi ya mutu, iweke mbali na sufuria ya nyumba, kwa maana si feza yako mpaka siku umempa kitu chake.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, tuliwahi kutengeneza kitu ambacho watu walisifu lakini hawakununua? Sababu ilikuwa nini?

2. Biashara tunayofikiri, kalibu yake ni nini, ni kusema feza ambayo haitarudi? Tunapaswa kuuzisha ngapi ili irudi?

3. Mume na muke, tunajua wote wawili hesabu hiyo, ao mumoja tu anaijua?

4. Tukilipa avansi kwa mutu, tuko na karatasi yenye siku, jina na sahihi?