Kaseti za zamani ndani ya kabati: tuuze ao tuchunge?



Miezi miwili iliyopita, kisha mkutano wetu, mama mmoja wa Kikula alibaki nyuma. Alikuwa na karto iliyofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa mashine ya michezo ya video, Super Nintendo, na manete zake mbili, pamoja na kaseti tisa. Marehemu bwana yake alileta mashine hiyo kutoka Ubelgiji mwaka 1997, alipotumwa kule kwa kazi. Sasa mtoto wao wa mwisho yuko darasa la sita la sekondari, na makuta ya mtihani wa Serikali yalikuwa hayajapatikana. Kijana mmoja wa Lubumbashi, mwenye kununua vitu vya umeme, alimwambia: "Mama, nakupa dola 20 kwa karto nzima." Mama akatuuliza: nipokee?

Kusema kweli, wengi wetu tungejibu ndiyo papo hapo. Dola 20 si kitu cha kucheza nacho wakati gunia la unga limebaki nusu. Lakini binti ya katibu wetu alisema vitu hivi vinatafutwa sana siku hizi. Tukamwomba mama angoje kwanza, nasi tukaanza kuuliza na kusoma. Tunawaandikia tuliyoyapata, kwa sababu tunafikiri si yeye peke yake mwenye karto ya namna hiyo juu ya kabati.

Kwa nini bei imepanda

Super Nintendo ilifika Ulaya mwaka 1992, na PlayStation ya kwanza mwaka 1995. Watoto waliozicheza wakati ule leo ni baba na mama wenye mishahara, nao wanataka kurudisha furaha ya utoto. Lakini viwanda havitengenezi tena kaseti hizo. Kila mwaka zingine zinavunjika, zingine zinatupwa, na zinazobaki zinagombewa na watu wengi.

Mwaka 2020, wakati wa Covid, watu wa Ulaya na Marekani walifungiwa nyumbani, na bei ikaruka. Kisha wakaingia wafanyabiashara ambao hawachezi hata mchezo mmoja: wananunua ili kuuza kesho. Mwezi wa saba 2021, kaseti moja ya Super Mario 64, ambayo haijafunguliwa hata siku moja, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Kisha kilele kile bei zilishuka kidogo, lakini nyingi zimebaki juu.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2023, shirika moja la Marekani lenye kuchunga historia ya michezo ya video lilionyesha kwamba michezo 87 kwa 100 iliyotoka kule mbele ya mwaka 2010 haiuzwi tena dukani. Mwaka huohuo Nintendo ilifunga duka la intaneti la mashine zake mbili za zamani. Mwenye kuutaka mchezo hana njia nyingine ya halali isipokuwa kutafuta kaseti yenyewe, na mwenye nayo anajua hivyo.

Si kila jiwe ni malakiti

Hapa Likasi hatuhitaji mwalimu wa jambo hili. Tunajua kwamba mawe mawili yanaweza kutoka katika shimo moja, yakiwa na uzito mmoja. Moja linapelekwa kusagwa, lingine, malakiti safi yenye mistari mizuri, linanunuliwa na mtu wa Ulaya ili aliweke mezani. Kaseti ni hivyohivyo. Super Mario Bros. ya kwanza iliuzwa zaidi ya mara milioni 40 duniani. Ile isiyofunguliwa inaweza kuwa na bei ya ajabu, lakini ile iliyochezwa, bila karto yake, ni kitu cha kawaida. Msisikie habari ya milioni mkafikiri mmeketi juu ya dhahabu.

Basi tukafungua karto ya mama na kupanga kaseti tisa juu ya meza. Tano zilikuwa za kuiga, zilizonunuliwa sokoni miaka ya nyuma: karatasi yake imefifia, maandishi yana makosa, na skrubu zake ni za kawaida. Kaseti za kweli za Nintendo za Ulaya hufungwa kwa skrubu za pekee, ambazo bisibisi ya nyumbani haifungui. Tatu zilikuwa za kweli, lakini za michezo iliyouzwa sana. Ya tisa ndiyo iliyotushangaza: Terranigma, ya Kifaransa, na karto yake na kitabu chake. Mchezo huo ulitolewa Ulaya mwaka 1996, lakini haukutolewa kamwe Marekani. Kwa hiyo unatafutwa pande zote mbili za bahari.

Neno la mtoto wa kwanza

Tulifikiri kazi imekwisha, kumbe ilikuwa inaanza. Mtoto wa kwanza wa mama huyo, kijana mwenye kazi na mwenye watoto wawili, alikataa. Yeye ndiye aliyecheza na baba kila Siku ya Mungu jioni. Mwaka 2003, wakati mishahara ya kazi za shaba ilipokatika katika nyumba nyingi, baba aliuza kaseti zingine ili kulipa masomo. Tangu apate kazi, kijana anazitafuta moja moja. Bibi yake alituambia uchungu wake: mwaka uliopita alitoa makuta ya unga wa mwezi mzima kwa kaseti moja iliyotumwa kutoka mbali, na ilipofika ikaonekana ni ya kuiga. Wakagombana siku tatu.

Hatukutaka kuingia kati ya mama na mtoto. Tuliwaomba tu waketi pamoja. Walipoketi, wakawasha mashine na kuingiza Terranigma. Mashine iliwaka vizuri, lakini mchezo ambao baba na mtoto waliuacha katikati ulikuwa umefutika. Ndani ya kaseti kama hiyo mna betri ndogo ya duara inayochunga kumbukumbu, na ikikwisha, yote yanapotea. Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Baba aliuza zake ili mimi nisome. Hii nayo isomeshe mdogo wangu."

Ndugu mmoja aliyesafiri aliipeleka Ubelgiji kwa mtu mwenye kukusanya michezo hiyo. Kaseti hiyo moja ilileta zaidi ya mara nne ya zile dola 20. Makuta ya mtihani yamelipwa. Mashine na kaseti nane zimebaki nyumbani, na wajukuu wanazicheza. Kijana naye ameahidi kutonunua tena kitu bila kuongea na bibi yake kwanza.

Mambo ya kushika nyumbani

Usiuze karto nzima kwa bei moja. Toa kila kitu, kiandike, kisha uliza watu wawili ao watatu.

Usitupe karto ndogo wala vitabu. Mara nyingi karatasi hizo ndizo zinazopandisha bei.

Chunga mbali na vumbi na unyevu wa masika. Usipulize kaseti kwa mdomo, maana mate yanaharibu shaba ya ndani. Tumia pamba na alkoli kidogo, kisha acha ikauke.

Kuran inapokatika, chomoa mashine, ili isiungue inaporudi kwa nguvu.

Na kwenu mnaokusanya, ao wenye mabwana na watoto wanaokusanya: pangeni kiasi cha mwezi pamoja, kisha kulipa bukari, dawa na masomo. Kitu cha furaha kisiwe sababu ya machozi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkiwa na karto ya zamani nyumbani, leteni orodha yake katika mkutano ujao. Tutaitazama pamoja mbele ya mnunuzi kubisha hodi.